Nani Amhukumu Rosa?

Kuna swali ambalo sisi waseminari tunaotoka Mbulu na Hanang huulizwa karibu kila likizo, na mara nyingi anayeuliza ni mama, si baba: "Frateri, hiki kitabu kinamfaa mwanangu?" Kitabu chenyewe kikitajwa kwa jina, mara nyingi ni Rosa Mistika cha Euphrase Kezilahabi. Jina lake humvuta mzazi na kumtia hofu kwa wakati mmoja. Ni jina la Mama Yetu katika Litania, Waridi lenye fumbo, lakini ukifungua ndani unakutana na binti anayekwenda na wanaume mmoja baada ya mwingine, anatoa mimba, na mwishowe anajiua. Mama aliyezoea kumwona Bikira Maria kwenye majalada ya vitabu vya novena ana haki ya kushtuka.

Jibu la haraka la pale nje ya kanisa baada ya Misa halimtoshi mama huyu. Tumeona ni afadhali tumjibu hapa, kwa marefu, na tunawaomba wenzetu wa mikoa mingine watuvumilie, kwa sababu jibu letu litapita Ufaransa kabla ya kurudi Hanang.

Kezilahabi hakuwa mgeni wa mambo yetu. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma Seminari ya Nyegezi, kisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Litania hiyo aliisikia kama tunavyoisikia sisi, kwenye mabenchi kama yetu. Rosa Mistika ilichapishwa mwaka 1971, na kwa muda ikazuiwa isisomwe shuleni. Baadaye iliruhusiwa, na leo mwalimu wa fasihi hawezi kueleza historia ya riwaya ya Kiswahili bila kuitaja. Mwandishi alifariki Januari 2020 akiwa anaheshimiwa kila mahali lugha yetu inaposomwa. Lakini heshima haijibu swali la mama. Kitabu kinaweza kuwa maarufu na bado kikawa sumu.

Shtaka la namna hii liliwahi kusikilizwa mahakamani, tena hadharani, huko Paris mwaka 1857. Mshtakiwa alikuwa Gustave Flaubert, mtu aliyekuwa ametumia karibu miaka mitano kuandika riwaya moja, Madame Bovary, iliyotoka kwanza kwa vipande katika jarida mwaka 1856. Inamhusu Emma, binti wa mkulima, aliyelelewa na masista, akaolewa na tabibu wa kijijini aitwaye Charles. (Katika Rosa Mistika pia kuna Charles, yule mvulana wa barua. Ni bahati tu, ila tulicheka.) Emma anamchoka mume ambaye kosa lake kubwa ni kuchosha. Anazini na wanaume wawili, anakopa kwa mfanyabiashara mwenye maneno matamu mpaka vitu vya nyumbani vinakamatwa kwa deni, halafu anameza sumu.

Mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, hakuwa mjinga. Hoja yake nzito kuliko zote ilikuwa kwamba ndani ya kitabu kizima hakuna mtu hata mmoja mwenye uwezo wa kumhukumu mwanamke huyu. Mume anamsamehe. Padre ni wa kuchekesha. Mfamasia ni domo tupu. Na mwandishi mwenyewe amenyamaza. Haingii kati hata mara moja kutuambia tuutazame ubaya wa dhambi. Wakili wa utetezi, Jules Senard, ilimbidi asome mbele ya mahakama maneno ya ibada ya mpako ili kuonesha kwamba mwandishi hakuikejeli Sakramenti anayopewa Emma kitandani. Tarehe 7 Februari 1857 Flaubert aliachiwa huru, ingawa mahakama ilimkaripia. Kanisa nalo halikuridhika: mwaka 1864 riwaya hiyo iliingizwa katika Orodha ya Vitabu Vilivyokatazwa, orodha iliyokuja kukoma mwaka 1966, wakati wa Papa Paulo wa Sita.

Sasa, swali la Pinard ndilo swali la mama wa Katesh kwa maneno mengine. Mwandishi huyu yuko upande gani? Mbona hasemi?

Tunajibu kwa kisa ambacho kila mwanajumuiya anakijua. Daudi alipomchukua mke wa Uria na kufanya mpango Uria auawe vitani, Mungu alimtuma kwake nabii Nathani (2 Sam 12). Nathani hakuanza na mahubiri. Alimsimulia habari za tajiri mwenye kondoo na ng'ombe wengi, na maskini mwenye kondoo jike mmoja mdogo, aliyekula chakula cha maskini huyo na kulala kifuani pake. Tajiri alipofikiwa na mgeni, alimchukua huyo mmoja akamwandalia mgeni wake. Tazameni ufundi wa nabii. Tajiri hapewi neno la kujitetea, wala halaaniwi. Anayepewa maelezo ni kondoo: anakunywa kikombe cha nani, analala wapi. Mfugaji wa Balangdalalu anayemjua kila mnyama wake kwa rangi na kwa mama yake hahitaji kufafanuliwa hapo. Kisha Nathani ananyamaza, na katika ukimya huo Daudi anawaka hasira na kutoa hukumu ya kifo kwa kinywa chake mwenyewe. Ndipo anapoambiwa amemhukumu nani. Kama Nathani angeiweka hukumu ndani ya hadithi, Daudi angeipokea jinsi wakubwa wanavyopokea mahubiri ya Dominika, kwa heshima na bila kuguswa.

Pinard alimtafuta hakimu ndani ya kitabu asimwone. Kiti cha hakimu kilikuwa kimewekwa nje, pale anapokaa msomaji.

Shuleni tulifundishwa kwamba uhalisia ni kuandika mambo kama yalivyo. Maelezo hayo yanafaa kwa mtihani, ila yanaiacha kazi yote nje. Mambo kama yalivyo hayana mwanzo wala mwisho, na mengi yake hayana maana yoyote mpaka mtu ayachague na kuyapanga. Aristotle, ambaye mwaka huu anatukosesha usingizi, anasema utungaji ni wa kifalsafa kuliko historia, kwa kuwa historia inaeleza lililotokea na utungaji unaeleza linaloweza kutokea. Basi anayeandika kwa uhalisia anafanya kazi mbili: anatazama, na anapanga. Akitazama tu atatoa orodha. Akipanga tu atatoa hadithi nzuri ya uongo, na hizo Emma alizisoma nyingi sana alipokuwa kwa masista, akizifichwa ndani ya mfuko wa aproni ya mwanamke aliyekuja kushona mashuka. Wakosoaji wa riwaya hupenda kusahau jambo hilo. Ndani ya Madame Bovary, vitabu vilivyomharibu Emma ni vile vya mapenzi yasiyo na madeni, yasiyo na mtoto anayelia wala supu inayopoa.

Turudi kwa yule padre wa kuchekesha, maana kwake ndiko tulikopata sababu yetu kubwa ya kutaka waseminari waisome riwaya hii. Anaitwa Padre Bournisien. Siku moja jioni Emma anasikia kengele ya Malaika wa Bwana. Bado hajazini na mtu. Anakumbuka utoto wake kwa masista, moyo unalainika, anatoka kwenda kanisani, tayari kabisa kusema yaliyomo moyoni. Anamkuta padre mlangoni, kanzu ina madoa ya mafuta na ya ugoro. Watoto wa katekesimu wanamsubiri ndani wakisukumana. Emma anamwambia kwamba anateseka. Padre anakubali: naye joto hili la kwanza linamsumbua. Je, Bwana Bovary amempa dawa gani? Emma anasema hahitaji dawa za dunia hii. Padre wakati huo anachungulia kanisani, anamtisha mtoto mmoja kwamba atamvuta masikio. Kisha anaeleza kwamba yeye na daktari ndio watu wenye kazi nyingi kuliko wote parokiani, mmoja wa miili, mwingine wa roho, na kwamba asubuhi hiyohiyo ameitwa kijiji cha jirani kwa sababu ya ng'ombe aliyevimba tumbo, na wenye ng'ombe walidhani ni uchawi. Emma anajaribu tena. Padre anafikiri anazungumzia maskini wasio na mkate. Emma anajaribu kusema kuna wenye mkate lakini hawana… na padre anammalizia sentensi: kuni za wakati wa baridi. Emma anashusha pumzi. Padre anauliza kama chakula hakijashuka vizuri, anamshauri arudi nyumbani anywe chai. Mwisho kabisa anakumbuka kwamba mama huyu alikuwa anataka kumwuliza kitu. Kitu gani? Hakuna, anasema Emma. Hakuna.

Anarudi nyumbani. Mtoto wake wa kike anamsogelea kwa upendo, anamshika aproni. Emma anamsukuma, mtoto anaangukia kabati na kukatwa shavu, damu inatoka.

Tulipozisoma kurasa hizi kwa pamoja, wa kwanza kucheka walikuwa ndugu zetu wa Mbulu, kwa ajili ya ng'ombe. Nani kwetu hajawahi kuona padre au katekista akiitwa kwa ng'ombe aliyevimba, wenye ng'ombe wakisema kuna mkono wa mtu? Kicheko kilikoma tulipofika kwa mtoto.

Padre Bournisien si mwovu. Hana mwanamke, haibi sadaka, hakai baa. Ana watoto wa Komunyo ya Kwanza na vijiji vinavyomwita. Ukiangalia ratiba ya paroko wa Hanang mwenye vigango vilivyotawanyika, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika, unaona wazi jinsi mtu mwema anavyoweza kuwa Bournisien saa kumi na moja jioni bila mwenyewe kujua. Flaubert hakuandika popote kwamba padre huyu hasikilizi. Aliandika macho yanayokimbilia kwa watoto, na jibu la chai. Vitabu vyetu vya malezi vinatuagiza tusikilize, na ni vizuri vinaagiza. Lakini ni kitabu gani kingine kimewahi kutuonesha kutosikiliza kwetu kunavyoonekana kutoka upande wa pili, kwa yule anayesimama mlangoni akiwa na neno moja tu, na neno lenyewe halipati nafasi?

Na huku kwetu neno hilo huja limevikwa zaidi. Mama hasemi nateseka. Anaomba maji ya baraka kwa ajili ya nyumba, au anasema mtoto halali usiku. Binti anasema kichwa kinamwuma tangu Jumatatu. Wazee wa Kiiraqw hutusimulia kwamba zamani msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa alitengwa, akaondoka nyumbani kwa baba yake, kwa kuwa hali yake ilihesabiwa kuwa balaa kwa wote. Desturi hiyo imefifia, ila hofu yake haijaondoka. Msichana wa namna hiyo akija ofisini kwa paroko, atakuwa na sentensi moja tu ya kujaribu. Padre aliyewahi kukutana na Bournisien kitabuni ana nafasi kidogo zaidi ya kuitambua.

Tumesema habari ya kupanga. Kurasa chache baada ya tukio hilo kuna maonyesho ya wakulima, yanayofanana ajabu na Nane Nane yetu. Wageni rasmi jukwaani, hotuba ndefu juu ya kilimo na serikali, ng'ombe waliofungwa mstari, zawadi kwa walioshinda. Rodolphe, mwanaume tajiri wa jirani, amempandisha Emma ghorofani kwenye ukumbi mtupu, wanatazama kutoka dirishani, na huko anamwaga maneno ya mapenzi. Flaubert anakata hotuba na mapenzi vipande vipande na kuvisuka kama mkeka: sentensi ya Rodolphe, kisha tangazo kutoka chini, kiapo cha moyo, kisha zawadi ya mbolea ya samadi. Hakusema kwamba maneno ya Rodolphe ni samadi. Aliyaweka karibu tu. Mambo yote mawili yangeweza kutokea siku yoyote Nane Nane pale Arusha, au kwenye mnada Katesh, mtu anapomnong'oneza binti huku kipaza sauti kikitaja bei ya madume. Kuyaona ni uhalisia. Kuyasuka ni ufundi, na bila kusuka huko tusingelisikia harufu ya lile la kwanza.

Kisha, katikati ya maonyesho hayohayo, anaitwa mtumishi mzee aitwaye Catherine Leroux, aliyetumika shamba moja kwa miaka 54. Anapewa medali ya fedha ya thamani ya faranga 25. Mikono yake imekauka kwa kazi kiasi kwamba inabaki imefunguka nusu. Anapoipokea, ananong'ona kwamba atampa paroko wake ili amwombee Misa. Mfamasia anaegemea upande na kusema huo ni ushupavu wa dini uliopita kiasi. Tunawauliza wanaosema Flaubert anaichukia imani: kati ya bibi huyu na mfamasia, nani anayebaki moyoni mwako ukishafunga kitabu?

Émile Zola, aliyemfuata Flaubert kwa miaka mingi, alikwenda mwaka 1884 kwenye machimbo ya makaa ya mawe ya Anzin wakati wa mgomo, akaandika madaftari ya maelezo: mishahara, vipimo vya mashimo, chakula cha wachimbaji. Mwaka uliofuata ikatoka Germinal. Vitabu vya Zola navyo vilikatazwa na Kanisa, na tunakiri kwamba kuna kurasa zake tunazoweza kuzikosa bila hasara. Lakini mishahara ya Anzin imeshasahaulika kwa wasomaji wengi. Kinachokumbukwa ni farasi mzee anayeishi chini ya ardhi miaka na miaka akivuta magari ya makaa, na farasi mpya anayeshushwa kwa kamba akiwa bado ana harufu ya jua mwilini, yule mzee anamkaribia na kumnusa.

Tunaandika haya tukiifikiria Basotu. Kila mtu wa Hanang anajua mashamba ya ngano. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na hasa miaka ya 1970 na 1980, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima makumi ya maelfu ya ekari za nchi ambayo Wabarbaig walikuwa wakichungia. Zipo kesi mahakamani, ripoti za wataalamu, hesabu za tani. Katika malalamiko ya Wabarbaig lilikuwamo hili: kwamba matrekta yalipita juu ya makaburi ya wazee wao, yale ya heshima yanayoitwa bung'eda, ambayo hujengwa kwa sherehe ya miezi mingi. Ukisoma ripoti, kaburi ni kifungu kimoja kati ya vifungu vingi. Ripoti haina kosa, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini mpaka leo hatujaiona riwaya ya Kiswahili itakayomweka dereva wa trekta, kijana wa watu mwenye njaa ya mshahara, juu ya usukani asubuhi hiyo, na kumwonesha mzee aliyesimama pembeni na fimbo yake, na kutuachia sisi kiti cha hakimu.

Vivyo hivyo tarehe 3 Desemba 2023. Tope la mlima Hanang lilishuka Katesh, Gendabi na vijiji vya karibu, na watu zaidi ya 80 walikufa. Tumezisikia takwimu, tumeona viongozi na misaada, tumewasalia marehemu. Hakuna aliyeficha ukweli. Hata hivyo mtu aliyepoteza nyumba pale akikuambia habari zake, haanzi na namba. Anaanza na sufuria lililokuwa jikoni, au mbwa aliyebweka mapema. Huyo anasimulia kwa uhalisia kuliko taarifa ya habari, na bila kusomea fasihi anajua ni kitu gani cha kuchagua.

Wala ufundi wa maneno haukuletwa Mbulu na meli ya Wazungu. Wazee wa Kiiraqw wana slufay, sala-shairi ndefu ambayo mzee huiongoza katika kikao na wengine wakaitikia, na anayeiongoza vibaya hujulikana mara moja. Kuna vijana wa seminari wanaoweza kueleza Flaubert lakini hawajawahi kukaa chini kuisikiliza slufay mpaka mwisho. Hilo nalo ni umaskini, tena wa karibu zaidi.

Je, Kezilahabi ana ufundi wa Flaubert? Kwa sehemu. Rosa Mistika ni kitabu cha kijana, na kinakimbia. Nusu ya pili maafa yanafuatana kwa kasi mno, Rosa anaanguka kabla hatujapata muda wa kumwona akisimama, na mara nyingine mwandishi anashindwa kunyamaza. Mtu akituambia kwamba riwaya zake za baadaye zimesukwa vizuri zaidi, hatutabishana naye.

Ila yapo mambo mawili tusiyoweza kuyaacha. La kwanza ni Zakaria, baba yake Rosa. Anakunywa, na anamlinda binti yake kama mtu anavyolinda zizi. Kwa sababu ya barua moja ya mvulana anampiga vibaya. Binti aliyekatazwa hata kutazama, akifika bwenini na baadaye chuoni Morogoro, hajui kutazama kwa kiasi. Wasomaji wengi wanaokasirishwa na Rosa hupita ukurasa wa kipigo kwa haraka, kana kwamba ni utangulizi. Sisi tunaona kitabu chote kiko hapo. La pili ni mchumba. Rosa anampenda kweli, anataka kubadilika, naye anamwacha anapogundua kwamba si bikira. Mwishoni kabisa mwandishi anauacha uhalisia, anawafikisha baba na binti mbele ya Mungu, na swali la nani alaumiwe linaulizwa waziwazi. Flaubert asingethubutu, na pengine angecheka. Sisi hatukucheka.

Hapa mama atatukumbusha Mtakatifu Paulo na dhamiri ya ndugu aliye dhaifu (1 Kor 8), naye ana haki. Hatusemi kitabu hiki apewe mtoto wa darasa la tano, wala hatusemi kijana aachwe nacho peke yake usiku. Kisomwe na mtu mzima akiwa karibu, kwa kuzungumza. Msichana wa kidato cha tatu tayari ana simu mkononi, na yaliyomo humo hayana Nathani wala ukimya wake. Yana Rodolphe mtupu.

Kuhusu sisi wenyewe, Baba Mtakatifu Fransisko alimaliza ubishi. Tarehe 17 Julai 2024 aliandika barua juu ya nafasi ya fasihi katika malezi, na anaeleza kwamba mwanzoni alikusudia kuwaandikia wanaoandaliwa kuwa mapadre. Anakumbuka alivyofundisha fasihi Santa Fe, Argentina, miaka ya 1964 na 1965, na wanafunzi wakataka vitabu vingine kuliko vile vya mtaala. Analalamika kwamba katika malezi ya mapadre fasihi huchukuliwa kama burudani tu. Nchini kwetu burudani yenyewe ni shida: ukionekana na riwaya saa ya kujisomea, mwenzako anakuuliza kama umeshamaliza metafizikia.

Kwa hiyo, mama wa Katesh, jibu letu ni hili. Kisome wewe kwanza. Ukimaliza, usimpe binti bado. Mpe baba yake. Kama kuna chama cha kitume tungependa kusoma nacho Rosa Mistika likizo ijayo, ni UWAKA, wanaume watu wazima, baada ya mkutano wao wa Dominika, sura mbili mbili, tukianzia ule ukurasa wa barua. Tayari mzee mmoja amekubali, kwa sharti kwamba asiulizwe swali lolote mbele za watu. Nakala tunazo mbili, moja haina jalada.